Kumchagulia Chakula Mtoto wa Paka Mwenye Tumbo Dhaifu: Mwongozo Kamili

Paka wengi wa Uganda wamekulia kwenye posho, yaani ugali wa mahindi, na mukene, wale dagaa wa ziwani. Ukimuuliza mzee yeyote wa Busia au Jinja, atakwambia hajawahi kununua chakula cha paka dukani na panya hawakumhamisha nyumba yake. Ni kweli. Ila wale waliokufa wangali wadogo hakuna aliyewahesabu, na kuhara kumewaondoa wengi.

Siku hizi mtu analea paka ndani, anampa jina, anamnunulia pakiti. Siku ya pili au ya tatu choo kinakuwa uji. Jirani anasema mpe maziwa apate nguvu. Muuza duka anasema chukua ile ya tumbo, ile ya bei. Mimi nasema duka lisubiri kidogo. Watoto wa paka wengi wanaoitwa wenye tumbo dhaifu wana minyoo, au wanapewa maziwa, au wamebadilishiwa chakula ghafla, au wanashindiliwa. Hakuna pakiti inayotibu hayo. Tena ukibadilisha mambo matatu siku moja, akipona hutajua kilichomponya, na akirudia kuhara utaanza upya. Kwa hiyo tunakwenda na jambo moja moja: ugonjwa wa hatari kwanza, halafu minyoo, halafu kilichomo kwenye sahani yake sasa hivi, na pakiti mpya baada ya hapo.

Je, huyu anahitaji daktari leo?

Mtoto wa paka wa wiki 8 huwa na uzito wa gramu 800 hadi kilo moja hivi. Mwili mdogo namna hiyo ukipoteza maji kwa siku moja tu umeingia hatarini, na asipokula sukari ya damu hushuka upesi. Ndiyo maana ule ushauri wa kumnyima chakula siku nzima ili tumbo lipumzike haumfai kabisa. Anatakiwa kuendelea kula, kidogo kidogo.

Usingoje kesho ukiona anatapika na kuhara kwa pamoja, au choo kina damu, au ni cheusi kama lami, au amejikunja pembeni hataki kucheza wala kula kwa nusu siku. Mwangalie na ufizi. Inua mdomo wa juu kwa kidole gumba, gusa fizi juu ya meno. Za mzima zina rangi ya waridi na zinateleza kwa mate. Za aliyekaukiwa maji zinanata kidoleni, na zikiwa zimepauka hali ni mbaya zaidi. Watu wengine huvuta ngozi ya shingo waone kama inarudi haraka, lakini kwa watoto wadogo kipimo hicho hudanganya. Amini fizi.

Kinachotisha hapa ni panlukopenia, ugonjwa wa virusi wa jamii moja na parvo ya mbwa. Huanza kwa homa, kutapika na kukataa chakula, na huua watoto wa paka kwa siku chache. Chanjo yake huanza kati ya wiki ya 6 na ya 8, na hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe angalau wiki 16. Kama paka wako hajachanjwa na ameanza kuhara, mwambie daktari hilo kabla ya jambo lingine lolote.

Kwa walio Kampala, chuo cha tiba ya mifugo cha Makerere, COVAB, kina kliniki ya wanyama wadogo, na mjini kuna kliniki binafsi pia. Mikoani utampata ofisa wa mifugo wa wilaya. Wengi wao kazi yao ya kila siku ni ng'ombe, mbuzi na kuku, basi muulize bila aibu kama ameshawahi kutibu paka, na hakikisha anampima uzito kabla ya kutoa dawa.

Dawa za kabatini ziache kabatini. Panadol huua paka, hata kipande kidogo, kwa sababu ini lake haliwezi kuivunja. Flagyl na vidonge vya kuzuia kuhara vya binadamu pia usimpe kwa kubahatisha.

Minyoo kabla ya menyu

Minyoo ya mviringo hupita kwenye maziwa ya mama. Kwa hiyo hata mtoto aliyezaliwa ndani ya kabati lako na hajawahi kukanyaga nje anaweza kuwa nayo. Tumbo lake linavimba kama ngoma huku mgongo na mbavu zinahesabika, choo kinalegea, mara nyingine anatapika mnyoo kama tambi.

Dawa huanza akiwa na wiki 3, hurudiwa kila wiki 2 mpaka wiki 2 baada ya kuachishwa ziwa, kisha kila mwezi hadi miezi 6. Piranteli na fenbendazoli ndizo zinazotumika sana kwa watoto. Ukiona vipande kama punje za mchele vimeganda kwenye manyoya ya mkundu, hiyo ni tegu, na dawa yake ni prazikwanteli. Tegu huyo huletwa na viroboto, basi ukimtibu tegu bila kutibu viroboto utarudi dukani mwezi ujao. Na unga wa viroboto wa mbwa usimpake paka: mwingi una permethrini, ambayo ni sumu kwake.

Hapa Uganda albendazoli iko katika kila nyumba yenye watoto wa shule, na kishawishi cha kumvunjia paka robo kidonge ni kikubwa. Usifanye hivyo. Albendazoli imehusishwa na kudhuru uboho wa mifupa ya paka. Hali kadhalika ivermektini ya sindano ya ng'ombe: tone moja la kukisia linaweza kuwa dozi kubwa mno kwa mwili wa gramu 700.

Kuna na vijidudu ambavyo dawa ya kawaida ya minyoo haiviui, kama koksidia. Ukishampa dawa ya minyoo kwa ratiba na kuhara kunaendelea, chukua choo cha asubuhi, kibichi, ukiweke kwenye kichupa safi chenye kifuniko, upeleke kikapimwe kwa darubini. Gharama ya kipimo hicho mara nyingi iko chini ya pakiti moja ya chakula cha bei ghali.

Anakula nini sasa hivi, na nani anampa?

Tuanze na maziwa, maana hapa ndipo ubishi ulipo. Paka anayapenda, hakuna anayekataa. Lakini akishaachishwa ziwa, uwezo wa utumbo wake kuvunja laktosi, ile sukari ya maziwa, hupungua. Laktosi isiyovunjwa huvuta maji ndani ya utumbo na bakteria huichachusha, matokeo yake ni gesi na choo cha maji. Maziwa ya ng'ombe, ya pakiti, ya kuchemsha, chai ya maziwa iliyobaki kikombeni, yote ni hayo hayo. Acha maziwa, usibadilishe kingine chochote, tazama siku tatu. Watu wengi safari yao inaishia hapo. Kama ni mtoto wa chini ya wiki 4 aliyepoteza mama, huyo anahitaji maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa paka. Uliza kliniki au duka la dawa za mifugo. Pale Container Village mjini Kampala ni mahali pa kuanzia kuulizia. Maji ya kunywa yawe yale unayokunywa wewe: yaliyochemshwa yakapoa, yabadilishwe kila siku.

Posho humjaza bila kumlisha. Paka ni mla nyama wa kuzaliwa. Wanga uliopikwa anaweza kuuyeyusha kiasi, ila mtoto anayekua akishiba unga wa mahindi hana nafasi iliyobaki ya protini.

Mukene nitamtetea. Ni samaki mzima, analiwa na mifupa yake, kwa hiyo ana protini na kalsiamu. Tatizo lake ni safari anayopita. Kwenye mialo mingi ya Ziwa Victoria, kama Kiyindi au Masese, sehemu kubwa imezoeleka kuanikwa chini, juu ya mchanga au nyavu kuukuu. Mvua ikinyesha kabla hajakauka anashika ukungu. Ukinunua kwa ajili ya mtoto wa paka, chukua kiganja kimoja umwage kwenye sufuria nyeupe yenye maji. Mchanga unazama, utauona. Suuza mpaka maji yawe safi, chemsha bila chumvi wala kitunguu, saga kwa uma. Wanaouza mukene wa kuanikwa kwenye vichanja wanajua thamani yake na bei iko juu, ila kwa kiasi anachokula paka tofauti hiyo haivunji mtu. Hata hivyo mukene peke yake si mlo kamili wa mtoto anayekua, na kwa tumbo ambalo tayari linasumbua ningemweka pembeni mpaka mambo yatulie.

Halafu kuna walishaji. Nyumba yenye watoto watano ina walishaji watano, na mgeni wa sita ni shangazi anayeangusha kipande cha chapati akidhani hakuna anayemwona. Supu yenye kitunguu maji au kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu za paka. Weka sheria moja: paka analishwa na mtu mmoja, kwa sahani moja. Bila hiyo, yote yanayofuata hapa chini ni kazi bure.

Daftari la choo

Haipendezi, lakini ndiyo kazi yenyewe. Wataalamu wa mifugo hutumia vipimo vya namba kupima choo. Kimoja kinachotumika sana kinaanzia 1, vigololi vikavu, hadi 7, maji matupu. Unachotafuta ni 2 au 3: kimeumbika, kinaokoteka, kinaacha alama kidogo tu mchangani. Andika kila siku namba, alikula nini, mara ngapi alikwenda.

Angalia pia mtindo wake. Akienda mara chache lakini anatoa kingi, cha maji, na anakonda, shida iko zaidi kwenye utumbo mwembamba: chakula hakiyeyushwi vizuri. Huyo anahitaji chakula chenye protini bora kinachoyeyuka kwa urahisi na kisichojazwa nyuzinyuzi nyingi. Akienda mara kwa mara, anakaza, anatoa kidogo chenye ute kama kamasi, pengine na damu nyekundu ya matone, shida iko kwenye utumbo mpana. Damu hiyo ni ya kumwonyesha daktari, na kwa chakula huyo mara nyingi hunufaika na nyuzinyuzi laini. Kijiko cha chai nusu cha boga lililochemshwa na kupondwa, bila chumvi wala sukari, ukichanganya kwenye mlo mara moja kwa siku, ni jaribio rahisi na boga liko kila soko.

Sasa pakiti: isome kwa nyuma

Mbele ya pakiti ni picha ya paka mwenye afya kuliko wako. Geuza.

Kitu cha kwanza ni umri, na hapa ndipo wanunuzi wengi huanguka. Niliwahi kusimama dukani nikamsikia muuzaji akimwambia mteja, "Mama, chukua hii, hii ni ya tumbo, paka wako atapona." Pakiti ilikuwa imeandikwa "sensitive" kwa herufi kubwa kweli, na chini yake, kwa ndogo, "adult 1+". Vyakula vingi vya tumbo nyeti vimetengenezwa kwa paka waliotimiza mwaka mmoja. Mtoto anahitaji protini, nishati na madini zaidi. Viwango vya Marekani vya AAFCO, ambavyo pakiti nyingi huvitaja, vinataka protini isiyopungua asilimia 30 ya chakula kikishaondolewa maji yote kwa paka anayekua na 26 kwa mkubwa. Tafuta neno "kitten" au "growth", au maelezo kwamba kinafaa kwa "all life stages". Chakula cha mtoto chenye viungo rahisi kinakipita mbali chakula cha tumbo cha paka mkubwa.

Cha pili ni neno "complete". Maana yake chakula hicho kinatosha peke yake. Kikiandikwa "complementary" ni kitoweo tu, hata kama kinanukia vizuri na pochi yake inang'aa. Vipochi na makopo mengi ya nyama tupu au tuna tupu viko kundi hili, na mtoto aliyelelewa kwavyo hukosa kalsiamu na mengineyo.

Cha tatu ni orodha ya viungo. Hupangwa kwa uzito kabla ya kupikwa, kizito kwanza. Unataka mnyama aliyetajwa jina kwenye nafasi ya kwanza: kuku, bata mzinga, samaki fulani. Pakiti za bei nafuu huandika "meat and animal derivatives" bila kusema ni mnyama gani. Hiyo haimaanishi ni sumu, ila kilichomo kinaweza kubadilika kutoka toleo moja hadi jingine, na wewe uliyeandika daftari kwa uangalifu hutajua kwa nini choo kimerudi kuwa 6 wakati pakiti ni ile ile. Kwa tumbo linalosumbua, orodha fupi na mnyama mmoja au wawili ndiyo salama yako. Wali mweupe ukiwemo usiukimbie. Unayeyuka vizuri, na tangazo la "bila nafaka" halijawahi kuwa dawa ya kuhara. Makapi ya viazi sukari vilivyokwisha kukamuliwa sukari, yaani "beet pulp", na nyuzi za mzizi wa chikori ni vya kupendeza kwa kiasi kidogo, maana hulisha bakteria wazuri wa utumbo.

Mafuta msiyaogope sana. Tumezoea kusikia chakula cha mgonjwa kisiwe na mafuta, lakini paka huyavumilia kuliko mbwa, na mtoto anayahitaji ili akue.

Cha nne ni hesabu ndogo inayofichua mengi. Pochi inasema protini asilimia 9, gunia la punje kavu linasema 34, na mtu anadhani gunia limeshinda. Ondoa maji kwanza. Pochi yenye unyevu wa asilimia 80 ina sehemu 20 tu zisizo maji. 9 gawanya kwa 20 ni asilimia 45. Gunia lenye unyevu wa asilimia 8 lina sehemu 92. 34 gawanya kwa 92 ni kama 37. Yote mawili yamevuka 30, yanafaa, na pochi ndiyo yenye protini nyingi zaidi. Fanya hesabu hii kwa simu hapo hapo dukani.

Cha mwisho ni hali ya pakiti yenyewe. Maduka mengine hufungua gunia kubwa na kukupimia kilo kwenye kaveera, mfuko wa plastiki. Bei inavutia, lakini hujui lilifunguliwa lini, hujui tarehe, na mafuta ya punje huchacha yakipigwa hewa na joto. Nusa: chakula kilichochacha kinanuka kama rangi ya mafuta. Kwa paka mzima mwenye tumbo la chuma unaweza kubahatisha. Kwa huyu wako nunua pakiti ndogo iliyofungwa kiwandani.

Na chakula cha mbwa? Hapana, hata kama wote wawili wanalishwa kwenye ua mmoja. Paka hawezi kujitengenezea taurini ya kutosha, kirutubisho kinachopatikana kwenye nyama, na chakula cha mbwa hakilazimiki kuwa nayo. Upungufu wake huharibu retina ya jicho, na mwaka 1987 watafiti wa California walionyesha kuwa hutanua na kudhoofisha moyo wa paka. Tangu hapo watengenezaji wa chakula cha paka wakaiongeza.

Punje kavu au chenye maji?

Kwa mtoto anayehara chenye maji kinamwongezea maji mwilini, na wengi hukila kwa hamu zaidi. Bei yake kwa mwezi mzima ni habari nyingine, na hapa kwetu wengi tutaishia kwenye punje. Loweka basi: sehemu moja ya punje, sehemu moja ya maji ya uvuguvugu, dakika kumi na tano, ponda kwa uma mpaka iwe kama mtori mzito. Kisichoisha ndani ya saa moja mwaga, kwa joto letu kinachachuka haraka. Ukifungua kopo, lifunike liingie kwenye friji na liishe kwa siku mbili; umeme ukikatika usiku kucha, usifanye ubahili.

Kumhamisha kutoka chakula kimoja hadi kingine

Hata chakula bora duniani kikiletwa ghafla kitamharisha. Kama anatoka kwa mtu mwingine, omba akupe kiganja cha alichokuwa akila, au angalau jina lake, na umlishe hicho hicho siku chache za mwanzo huku akizoea nyumba. Kuhama nyumba peke yake kunatosha kumlegeza choo.

Kisha siku 7 hadi 10. Siku ya kwanza na ya pili, robo ya sahani iwe kipya na robo tatu cha zamani. Siku ya tatu na ya nne, nusu kwa nusu. Siku ya tano na ya sita, robo tatu kipya. Baadaye kipya kitupu. Tumbo likisumbuka katikati, rudi hatua moja nyuma ukae hapo siku mbili tatu. Kwa tumbo gumu kutulia, wiki mbili si nyingi. Ukija kumpeleka kwenye chakula cha wakubwa akitimiza miezi 12, njia ni hiyo hiyo.

Kiasi nacho kina lawama yake. Kushindiliwa ni sababu ya choo laini ambayo watu huisahau, kwa kuwa mtoto wa paka haachi kulia. Mwenye kilo moja anahitaji kama kalori 200 kwa siku. Punje nyingi zina kalori zipatazo 400 kwa gramu 100, tazama pakiti yako, kwa hiyo ni gramu 50 hivi kwa siku nzima, zipimwe zikiwa kavu. Zigawe mara nne mpaka afike miezi 4, mara tatu mpaka miezi 6, kisha mara mbili zinatosha. Mizani ya jikoni inafanya kazi mbili hapa: pima chakula, na kila wiki weka bakuli juu yake, rudisha sifuri, mwingize mtoto ndani. Anapaswa kuongezeka gramu 100 hivi kwa wiki. Choo kikiwa laini kidogo lakini uzito unapanda na anacheza, una muda. Uzito ukisimama wiki nzima, huna.

Kupika nyumbani, kwa siku chache

Tumbo likichafuka na daktari akakuambia mpe chakula laini, chemsha kifua cha kuku bila ngozi, bila chumvi, bila kitunguu, bila Royco. Chambua nyuzi ndogo, mpe kwa vijiko, changanya na supu yake iliyopoa. Siku tatu au nne, halafu rudi kwenye chakula kamili kwa ngazi zile zile. Usizidishe. Nyama tupu haina kalsiamu, na mtoto anayeishi kwayo kwa wiki kadhaa mifupa yake hulainika na kuvunjika kwa kuruka tu kitini. Maini yasizidi kionjo mara moja kwa wiki kwa sababu ya vitamini A. Mapafu ya buchani, yale ya bei rahisi, yachemshe vizuri na yawe nyongeza tu. Samaki mbichi usimpe: baadhi yao wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na kupika hukimaliza.

Ukiwa umefanya yote na bado anahara

Hapo ndipo neno "tumbo dhaifu" linaanza kustahili. Kwa paka, vyakula vinavyoongoza kuleta mzio ni nyama ya ng'ombe, samaki na kuku, ambavyo kwa bahati mbaya ndivyo vimejaa kwenye pakiti. Jaribio lake ni kumpa protini moja ambayo hajawahi kula, kama sungura au bata, na kingine chochote kisipite mdomoni. Dalili za tumbo mara nyingi huanza kutulia ndani ya wiki mbili au tatu kama chanzo ni chakula. Kwa mtoto anayekua fanya hivi ukiwa na daktari, kwa kutumia chakula kamili kilichotengenezwa hivyo au kile ambacho protini yake imevunjwavunjwa, maana sungura wa kuchemsha peke yake atakurudisha kwenye tatizo la kalsiamu.

Kama anatoka kwenye nyumba au banda lenye paka wengi, anacheza vizuri na uzito unapanda, ila choo kinanuka kupita kawaida na kimelegea kwa wiki nyingi, mtajie daktari tritrikomonasi na jiardia, vijidudu vya utumbo. Vipimo vya kawaida vinaweza kuvikosa mara ya kwanza, basi kurudia kipimo si kupoteza pesa. Na jiardia inaweza kupita kwa watu pia, hivyo anayesafisha choo cha paka anawe kwa sabuni, na mama mjamzito kazi hiyo aiachie mtu mwingine, kwa sababu ya toksoplazma, kijidudu cha choo cha paka kinachoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Siku ya kwenda kliniki beba daftari, kichupa cha choo cha asubuhi hiyo, kadi ya chanjo na dawa za minyoo, na picha za nyuma ya kila pakiti aliyokula, zile zenye viungo. Mpeleke kwenye boksi lenye matundu na kitambaa chake cha kulalia, hata kama ni mwendo mfupi wa boda.